Mahakama mbili za Arusha: ipi ya kuishtaki serikali?

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu hutoa amri nzito: mwaka 2022 iliiagiza Kenya iwalipe Waogiek, jamii ya asili ya msitu wa Mau, shilingi milioni 157.85 na kuwapa hatimiliki ya ardhi yao huko. Utekelezaji ndio kidonda; haina polisi, huripoti tu kwa Umoja wa Afrika. Tena Tanzania, mwenyeji wake, iliondoa mwaka 2019 tamko la kuruhusu raia kuishtaki moja kwa moja.

Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki haidai umalize rufaa nyumbani, tofauti na ya kwanza, ila ina ukomo wa miezi miwili wa kufungua kesi tangu kitendo unacholalamikia. Amri zake za fedha hutekelezwa kwa taratibu za nchi husika. Zile za kubadili sheria hungoja utashi wa serikali vilevile.

Umewahi ndani ya miezi miwili? Anzia hii ya Afrika Mashariki. Umemaliza rufaa, na tamko la nchi yako bado lipo? Nenda ile ya kwanza.