Windows 11, Windows 10 au Linux Mint: Ni Ipi Iwekwe Kwenye Kompyuta ya Nyumbani?

Kompyuta mpakato nyingi zinazotumika majumbani hapa Arusha ni za mtumba, zilizokwisha kufanya kazi miaka kadhaa katika ofisi za nje kabla ya kufika kwetu, na ndiyo maana majina ya HP EliteBook, Dell Latitude na Lenovo ThinkPad yamezoeleka kuanzia Sakina hadi Njiro. Mashine hizi ni imara, lakini wenye nazo wamebaki njia panda tangu tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kutoa masasisho ya bure ya usalama kwa Windows 10, mfumo uliotoka mwaka 2015. Fundi mmoja atakuambia uweke Windows 11 leo leo, mwingine atakuambia uachane nayo, na wote wawili huenda hawajatazama prosesa ya mashine yako, yaani chipu kuu inayofanya kazi zote za kompyuta, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoamua.

Windows 11 inataka RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) ya GB 4, nafasi ya GB 64 kwenye diski, chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, isipokuwa chache sana za kizazi cha saba. Kwa upande wa prosesa za AMD, kwa kawaida ni Ryzen za mfululizo wa 2000 na kuendelea. Kizazi cha Intel husomwa kwenye tarakimu zinazofuata kistari: i5-6300U ni kizazi cha sita, i5-8250U ni cha nane, na i5-10210U ni cha kumi. Anayenunua mashine sasa asiridhike na jina la modeli peke yake. EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita na haikubaliki, ilhali 840 G5 zipo zenye prosesa ya kizazi cha nane na zipo zenye ya saba, na kwa nje huwezi kuzitofautisha. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, usome mwenyewe. Ikiwa prosesa inafaa lakini kompyuta inadai haina TPM, usikate tamaa, kwa kuwa mara nyingi chipu hiyo ipo ila imezimwa kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi inayofunguliwa kabla ya Windows kuwaka, ambako huitwa PTT kwa Intel au fTPM kwa AMD.

Mashine ikitimiza masharti hayo, chaguo la kwanza ni Windows 11, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba huenda usilipe chochote. Kompyuta zilizotoka kiwandani na Windows 10 Pro hubeba leseni yake ndani ya bodi kuu, na leseni hiyo inakubaliwa na Windows 11 bila malipo ya ziada. Nimewahi kumlipa fundi anipigie Windows upya, naye akaweka nakala iliyochakachuliwa juu ya mashine iliyokuwa na leseni halali tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo, kabla ya kumkabidhi mtu kompyuta, fungua mipangilio uone kama mfumo umeamilishwa na ni wa toleo gani.

Kama ni lazima ununue leseni, toleo la Home linatosha nyumbani. Pro inaongeza udhibiti kamili wa BitLocker, programu ya kufunga diski kwa usimbaji, uwezo wa kuifikia kompyuta yako ukiwa mbali kwa Remote Desktop, na kujiunga na mtandao wa ofisi, mambo ambayo mwanafunzi wa kidato cha tano hatayagusa. Angalizo ni kwamba Home hudai intaneti na akaunti ya Microsoft wakati wa kuiweka, na katika matoleo ya karibuni diski inaweza kufungwa kwa usimbaji bila wewe kuulizwa, huku ufunguo wake ukihifadhiwa katika akaunti hiyo. Anayefungua barua pepe ya haraka haraka kisha akasahau nywila anaweza siku moja kukosa mafaili yake yote.

Kwa mashine ya kizazi cha saba kurudi nyuma, chaguo langu ni Linux Mint, mfumo unaowekwa badala ya Windows, nao ni wa bure. Toleo la 22 lina masasisho hadi mwaka 2029, na aina yake ya Xfce ni nyepesi kiasi cha kutembea vizuri kwenye RAM ya GB 4. Unaweza kuijaribu ikiwa kwenye flashi kabla ya kuigusa diski, ukapima Wi-Fi, sauti na printa. LibreOffice iliyomo hufungua nyaraka za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa wakati mwingine hucheza. Anayetegemea QuickBooks ya kwenye kompyuta au Photoshop asiiguse Mint.

Kubaki na Windows 10 ninakuweka nafasi ya tatu, kwa kuwa ni kununua muda tu. Microsoft ilitangaza mpango wa masasisho ya ziada kwa watumiaji wa nyumbani hadi tarehe 13 Oktoba 2026, kwa dola 30 au bila malipo kwa anayehifadhi mipangilio yake kwenye akaunti ya Microsoft, mradi awe na toleo la mwisho la Windows 10, liitwalo 22H2. Unamfaa anayekusanya fedha za mashine nyingine.

Kuilazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyokubalika kunawezekana, lakini Microsoft haitoi uhakika wa masasisho, na mashine za zamani za Core 2 Duo haziwezi kabisa kuwasha toleo la Windows 11 liitwalo 24H2. Nakala zilizochakachuliwa sizipangi nafasi yoyote, maana anayevunja kufuli la leseni anaweza pia kupachika virusi.

Lolote utakalochagua, kompyuta ikiwa bado na diski ya kuzunguka, badilisha kwanza uweke SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, kwani wepesi utakaoupata hapo hakuna mfumo utakaokupa. Nakili picha na nyaraka kwenye diski ya nje, kisha andaa bando, kwa sababu faili la Windows 11 linapita GB 5 na la Mint ni takriban GB 3. Betri za mashine za mtumba aghalabu zimechoka, hivyo usianze kazi hii jioni ambayo umeme wa mtaani kwenu una mazoea ya kukatika.