Bastola ya kwanza: Ruger Mark IV au Glock 19?

Kijana wa Marekani akitimiza miaka 21, umri ambao sheria ya shirikisho ya 1968 iliuweka kwa wauzaji wenye leseni wanaouza bastola, wengi humwambia achukue Glock 19 moja kwa moja. Mimi ningemwambia aanze na Ruger Mark IV.

Sababu kubwa ni teke, yaani msukumo wa nyuma bastola inapofyatuliwa. Ruger hutumia risasi ndogo za .22 (upana wa inchi 0.22), mkono unatikisika kidogo tu. Glock hutumia za milimita 9. Mtazame mgeni anayeishika kwenye uwanja wa shabaha: risasi haijatoka, jicho limeshafumba, kiganja kimebana, mdomo wa mtutu umeinama, na tundu linatokea chini kabisa ya karatasi. Tabia hiyo ikiota mizizi, kuing'oa ni kazi. Tena risasi za .22 ni nafuu, kwa hiyo utafanya mazoezi mengi zaidi.

Ruger ina swichi ya usalama ya kidole gumba, Glock haina. Wakati wa kusafisha, Ruger hufunguka kwa kitufe kimoja, lakini Glock lazima kwanza uvute triga. Ole wako kama hukutoa magazini (kasha la risasi) na kukagua chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, kwa jicho na kwa kidole.

Kwa kujilinda, Glock inashinda: ni fupi, hubeba risasi 15 dhidi ya 10, na risasi zake hazigomi kirahisi kama za .22.

Yoyote utakayochagua, nunua sefu siku hiyohiyo, hasa kama nyumbani kuna watoto.