"Walikuwa wabebaji tu": safari yetu ya siku moja katika njia za Roosevelt

Nilijipa wiki kadhaa hasira ipungue ndipo niandike. Haijapungua, basi naandika nayo.

Binti wa dada yangu amezaliwa na kukulia Minnesota. Likizo hii alikuja kwetu Nairobi, na shuleni kwao walikuwa wamepewa kazi ya kuandika juu ya Rais Theodore Roosevelt. Nikaona hii ni bahati, maana mtu huyo alipotoka tu madarakani mwaka 1909 alikuja kuwinda huku huku kwetu. Nikatafuta, nikapata kampuni inayotembeza wageni kwa siku nzima: Nairobi, tambarare za Kapiti, Machakos, halafu kurudi kwa upande wa Juja alikowahi kukaribishwa. Nikalipia watatu. Kwenye bei sina ugomvi nao.

Niseme haki yao kwanza. Asubuhi ilikuwa nzuri sana. Kijana aliyetuongoza ana sauti na anajua kusimulia. Alituanzia utotoni mwa Roosevelt, mtoto wa New York asiyelala kwa pumu; akaja kwenye ile siku ya Februari 1884 alipofiwa na mama na mke siku moja, katika nyumba moja; akaja kwenye risasi aliyopigwa mjini Milwaukee mwaka 1912, iliyopunguzwa nguvu na karatasi za hotuba zilizokunjwa mfukoni, na mzee akasimama akahutubia hivyo hivyo shati likiwa na damu. Mke wangu hapendi historia hata kidogo, lakini alikuwa ameinama mbele asikose neno. Mtoto anaandika tu. Alipofika kwenye safari ya reli kutoka Mombasa, Roosevelt amekaa kwenye kiti mbele kabisa ya injini akitazama wanyama, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaamua kuwapa nyota tano.

Tukashuka Kapiti. Upepo, nyasi, vumbi. Kijana akaanza kueleza kambi ilivyokuwa: hema la mkubwa na bendera ya Marekani, wapagazi wapatao 200, na chumvi tani 4 za kuhifadhia ngozi za wanyama waliokuwa wakipelekwa makumbusho ya Smithsonian kule Washington. Mtoto akainua mkono kama yuko darasani.

"Hiyo chumvi nani aliibeba?"

"Wapagazi."

"Walikuwa akina nani? Majina yao?"

Kijana hakumtazama. Alinitazama mimi, akacheka. "Mzee, hao walikuwa wabebaji tu. Tukianza habari za hao, Juja hatutafika leo."

Wabebaji tu. Nimelala na hilo neno "tu" na kuamka nalo. Kwetu ni Mombasa, na babu yake baba yangu alikuwa mpagazi. Alimbebea nani na kufika wapi, hakuna aliyetuachia habari. Tulichoachiwa ni kwamba shingo yake haikugeuka upande wa kushoto mpaka alipozikwa. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa kama kilo 27, kwa miguu, siku baada ya siku. Halafu mtu anayekula kwa kusimulia safari hiyo hiyo anamwambia mjukuu wao kwamba walikuwa "tu".

Na majina yapo! Roosevelt mwenyewe aliyaandika katika kitabu chake cha safari. Wapo Muhamed na Bakari waliombebea bunduki, yupo Kongoni, yupo Ali wa hemani. Tena wao nao walimpa la kwake, Bwana Mkubwa, na mwanawe Kermit wakamwita Bwana Maridadi. Nani asiyesikia Kiswahili chetu hapo, kijana wa mjini kaja porini na nguo zake safi? Wanyama aliowaua pia aliwahesabu mmoja mmoja: yeye 296, Kermit 216. Kijana wetu hesabu ya simba anaijua kwa moyo. Ya watu hana.

Wala simtetei Roosevelt. Mtu aliyemkaribisha Booker T. Washington, kiongozi wa Wamarekani weusi, kula naye Ikulu mwaka 1901 ndiye aliyewafukuza jeshini askari weusi 167 wa Brownsville, kule Texas, mwaka 1906, bila kesi, na heshima yao haikurudishwa mpaka 1972, wengi wao wakiwa wameshazikwa. Mwaka huo huo wa 1906 akapewa Nobeli ya Amani. Juu ya Waafrika aliandika maneno ambayo sitayarudia hapa. Lakini hata huyo, na dharau yake yote, aliona Bakari ana jina.

Sasa nije kwa dereva, kwa sababu bila yeye ningedai pesa zangu pale pale. Ni mtu mzima, mkimya, alikuwa hajasema lolote tangu asubuhi. Tuliposimama kula alimwita mtoto, akaomba khanga ya mke wangu, akaisokota polepole, akaizungusha ikawa ngata, akamwekea kichwani. Juu yake akaweka katoni ya maji, chupa 24 za nusu lita. "Nenda mpaka kwenye ule mgunga, urudi." Mtoto alikwenda hatua kumi hivi, mikono juu, shingo imekaza, macho mbele. Aliporudi dereva akamtua. "Hizo ni kilo 12, mwanangu. Wao walikuwa na zaidi ya mara mbili ya hizo, na jua hili hili." Mtoto alikaa kimya, akijishika nyuma ya shingo. Nami nilimkumbuka mzee wetu ambaye sikumwona.

Usiku mtoto akanionyesha kwenye simu picha ya sanamu iliyoondolewa mbele ya jumba la makumbusho New York mwaka 2022. Roosevelt juu ya farasi. Ubavuni mwake Mwafrika na mwenyeji asilia wa Marekani, wote kwa miguu. "Mjomba, na hawa pia hawana majina."

Nilipoanza kuandika nilikuwa na nia ya kutoa nyota tatu: asubuhi ilikuwa nzuri, na dereva anastahili tano peke yake. Mkienda, ulizeni kwanza kama ni zamu yake. Hizo tatu nimezifuta. Natoa moja. Niliandikia ofisi yao nikaeleza yote haya, nikajibiwa kwamba wamenipa punguzo kwa safari ijayo. Sikuomba punguzo. Niliomba yule kijana amjibu mtoto swali lake, na mtoto ameshapanda ndege.