Tahadhari: "Kipima umetaboli" kinachouzwa mitandaoni hapa Uganda ni kipima ulevi

Jamani, kabla hujatuma hata shilingi elfu moja kwa hawa wanaouza kimashine cheupe cha kupuliza, kile wanachodai kinapima umetaboli, yaani namna mwili unavyotumia chakula, na kuonyesha kama mwili wako unachoma mafuta au unachoma sukari, soma hapa kwanza. Mimi nimeshaliwa. Hesabu yangu ni shilingi 790,000: kifaa 420,000, "ushuru" 85,000, na pakiti tatu za unga 285,000. Kifaa kipo mezani mbele yangu ninapoandika. Ni kipima ulevi, ndugu zake ni wale wa Kawunyemu, ule msako wa madereva walevi, ambao trafiki wanawapulizisha madereva usiku, ila hiki kimebandikwa stika.

Niko Busia, upande wa Uganda, kazi yangu ni kutoa mizigo mpakani. Nakaa kwenye kiti tangu saa moja asubuhi mpaka usiku unaingia. Mchana ni roleksi, chapati iliyoviringishiwa mayai, ya mayai mawili na soda, jioni ngege, samaki wa Majanji kule ziwani, na ugali usio na aibu. Mwezi wa tatu nilipimwa presha, sista akanitazama, akatazama mzani, kilo 94, akaniambia mama, hii presha ina chanzo. Nikaanza kutafuta kwenye simu namna ya kupunguza uzito, na simu nayo ikashika kwamba natafuta. Haikupita siku mbili, kila nikifungua TikTok namwona dada mmoja wa koti jeupe anapuliza kimashine na kuonyesha kiuno.

Ukimwandikia WhatsApp hakuuzii kitu. Anakuuliza umri, uzito, unakula saa ngapi, choo kikoje, umezaa mara ngapi. Mimi daktari wa kweli hajawahi kuniuliza maswali mengi hivyo. Halafu anakutumia sauti, taratibu, kwa Kiswahili kizuri kabisa: "Mama yangu, wewe huli sana. Umetaboli wako umelala." Neno hilo, umelala, lilinipata. Kumbe si roleksi, ni mwili umesinzia! Nikatuma 150,000 za kwanza siku hiyo hiyo, na zile 270,000 zilizobaki wiki iliyofuata.

Sasa sikilizeni aibu yangu. Siku mbili baadaye ukaja ujumbe: mzigo umezuiliwa forodha ya Malaba, tuma 85,000 za ushuru uachiliwe. Mimi ninayewaambia wateja kila siku kwamba kodi ya URA, mamlaka ya mapato, hailipwi kwa namba ya mtu, kwamba utapewa PRN, yaani namba ya malipo, utalipia benki au kwa simu kwa kutumia hiyo PRN, na malipo yataonekana kwenye mfumo, mimi huyo huyo nilituma 85,000 kwa namba ya simu yenye jina la mtu. Nilituma nikiwa ofisini, mbele yangu kuna rundo la PRN za watu. Kifurushi kilipofika kwa basi, risiti yake ilisema kimepakiwa Kampala. Malaba hakikuijua hata kwa ndoto. Hata hapo nilijiambia labda kilipitia huko kwanza.

Kifaa chenyewe kinaenea kiganjani. Kina mdomo wa plastiki, kitufe kimoja na kioo kidogo. Ukibonyeza kinahesabu kutoka 20 kushuka, kikipata moto, kisha unapuliza mpaka kilie. Karatasi ya maelekezo, imechapwa upande mmoja tu, ilisema 0.00 hadi 0.10 ni "umelala", 0.10 hadi 0.40 ni "umeamka", na ukipita hapo ni "tanuri".

Siku tisa nilisoma 0.00. Nikalala bila kula, 0.00. Nikatembea kwenda kazini na kurudi kwa miguu, bodaboda wakaniuliza kama nimefilisika, 0.00. Kila picha niliyomtumia dada wa koti jibu lilikuwa lile lile, mwili umelala sana, unahitaji unga wa kuuamsha, 95,000 kwa pakiti. Asubuhi moja tu kilipanda mpaka 0.18. Nilishangilia peke yangu ofisini. Akanijibu kwamba unga umeanza kazi, niongeze pakiti.

Aliyenifumbua macho ni malwa, pombe ya ulezi inayonyonywa kwa mrija kutoka kwenye chungu. Shemeji yangu, mtu mwembamba kama ule mrija anaonywea, alirudi saa tatu usiku kutoka kwenye chungu, bado mrija kaushika mkononi. Akanikuta napuliza. "Shemeji, hicho nini, nami nijaribu." Nikamwekea. Kikahesabu, akapuliza, kikalia pii pii pii ambayo mimi sikuwahi kuisikia. 0.86. Tanuri! Mtu aliyeshiba posho na maharage na mandazi mawili juu yake. Akasimama katikati ya sebule akajipiga kifua: "Nyinyi mnakula unga wa laki moja, mimi nachoma mafuta kwa malwa." Watoto walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi nilikwenda kutafuta kisu.

Chini ya stika yenye picha ya moto kulikuwa na herufi mbili tatu ambazo dereva yeyote wa lori hapa mpakani anazijua: g/L na BAC. Ni kiasi cha pombe kwenye damu. Kesho yake mpwa wangu, fundi simu, akakifungua. Ndani kuna kikopo kidogo cha bati chenye wavu, kimeandikwa MQ-3. Akaniambia hicho ni kihisi cha pombe, hata wanafunzi wanakinunua kufanyia majaribio. Kina kipande cha oksaidi ya bati kinachopashwa moto (ndiyo maana ya kuhesabu kutoka 20), na mvuke wa pombe ukikigusa, umeme unapita kwa urahisi zaidi, namba inapanda. Basi. Na ile asubuhi ya 0.18? Nilikuwa nimetoka kusugua mikono kwa sanitaiza, nikashika mdomo wa kifaa. Sanitaiza imejaa pombe.

Nisieleweke vibaya, vifaa vya kupima umetaboli kwa pumzi vipo, na elimu yake ni ya kweli. Mwili ukichoma wanga, yaani posho, matoke, chapati, hewa ya ukaa inayotoka inalingana na oksijeni iliyotumika, moja kwa moja, uwiano 1.0. Ukichoma mafuta unatumia oksijeni nyingi zaidi kuliko ukaa unaotoa, uwiano unashuka karibu na 0.7. Hospitali zenye mashine kamili hukuvisha barakoa au kukufunika kichwa kwa kifuniko cha plastiki, ukalala kimya, wakapima gesi zote mbili kwa dakika kadhaa. Vile vidogo vya nyumbani hupima hewa ya ukaa tu na kukisia mengine kwa namna unavyovuta na kubana pumzi. Hewa tunayotoa ina ukaa kama asilimia 4 hadi 5. Kihisi cha pombe hakiuoni ukaa huo hata upulize mpaka macho yatoke. Vipo pia vya aina nyingine vinavyopima asetoni, ile inayotoka mwilini mtu akikaa muda mrefu bila wanga. Hivyo navyo si hiki.

Na hata ukipata cha kweli, kitakuambia saa hii unachoma nini, hakikuambii umepungua. Watu wengi wakiamka asubuhi kabla ya chai wanachoma mafuta zaidi, mnene kwa mwembamba. Ukinywa chai ya maziwa na chapati tatu, mwili unahamia kwenye wanga, na jioni ukila kuliko ulivyotumia, yale mafuta ya asubuhi yanarudishwa yote na riba. Kilo moja ya mafuta mwilini ina takriban kilokalori 7,700. Hakuna kifaa cha kupuliza kinachoipunguza hesabu hiyo. Nayaandika haya kwa sababu dada wa koti alikuwa anayataja nusunusu, anachanganya kweli na uongo, ndiyo maana anaaminika.

Lakini pesa yangu si sababu ya kuandika. Ningenyamaza, ningecheka na shemeji yakaisha. Sababu ni Hajati.

Hajati ni jirani yangu, ana sukari miaka mingi, anajidunga insulini. Aliniona na kimashine, akaniomba namba, nikampa. Mimi ndiye niliyempa. Naye akauziwa, akaulizwa maswali, akaambiwa umetaboli wake umelala kwa sababu ya "kemikali za hospitali", apunguze sindano taratibu huku anakunywa unga. Wiki ya pili akaanza kusikia kiu isiyokatika, kukojoa usiku kucha, kichefuchefu. Binti yake akamwambia mama, mdomo wako unanukia kama matunda yaliyoiva sana. Akamwandikia dada wa koti. Jibu ninalo, nimepiga picha ya kioo: "Hongera Hajati, hiyo ndiyo harufu ya mafuta yanayoungua."

Mtu wa insulini akinukia hivyo huku anatapika, damu yake inajaa asidi. Mwili umekosa insulini, hauwezi kutumia sukari, unayeyusha mafuta hovyo, na ketoni, asidi zinazotokana na mafuta hayo, zinajaa kuliko damu inavyoweza kubeba. Ni hali ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo, si ya kusubiri kesho. Binti yake alimkimbiza usiku kwa gari la kukodi. Alilazwa siku nne. Yuko nyumbani sasa, anaongea, ananisamehe kila nikienda, na mimi kila nikienda napeleka sukari guru yangu nyeusi ya aibu, maana kitu kingine cha kumpelekea mgonjwa wa sukari sikijui. (Binti yake ameniambia hiyo nayo ni sukari tu, nipeleke mayai.)

Kuhusu unga: pakiti ni ya fedha, haina jina la mtengenezaji, haina orodha ya vilivyomo, haina namba yoyote ya NDA, mamlaka ya dawa. Mimi uliniletea moyo kwenda mbio, mdomo kukauka na usingizi kupotea, na presha nilipopimwa ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Ipo dawa ya kukata hamu ya kula inaitwa sibutramini, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa ilikuwa inawaletea watu mshtuko wa moyo na kiharusi. Mpaka leo wakaguzi wa nchi mbalimbali wanaikuta imefichwa kwenye chai na unga wa kupunguza uzito unaoitwa "wa miti shamba". Sista alinyang'anya pakiti yangu akasema ukinywa tena usije kwangu.

Nilipoomba pesa zangu, dada wa koti aliniambia kwanza kwamba nimekiharibu kwa kukifungua. Kisha akanipa "meneja" wake, mwanaume, ambaye sauti yake na ya yule wa forodha ya Malaba ni moja, hata kikohozi ni kile kile. Kisha nikafungiwa. Nimepeleka polisi namba za miamala, majina yaliyotokea kwenye simu wakati wa kutuma, na picha za mazungumzo, nimepewa namba ya kesi. Kampuni ya simu nayo nilipiga, wakaniambia ningepiga siku ile ile pengine wangewahi kuzuia pesa kabla hazijatolewa. Kwa hiyo wewe uliyetuma leo, acha kusoma, piga sasa.

Jina lake silitaji kwa sababu analibadilisha. Mwezi huu ana picha nyingine na namba nyingine, kifaa kile kile, ila stika sasa ni ya kijani na bei imeshuka hadi 350,000. Utamjua kwa lile neno "umelala", kwa kuhesabu kutoka 20, na kwa mzigo kukwama mpakani baada ya wewe kumaliza kulipa. Ukimwambia unataka kukiona kabla ya kulipa, kwamba utakuja mwenyewe Kampala, ofisi inakuwa imehama wiki hiyo.

Mimi uzito napima kwa mzani wa kituo cha afya kila mwanzo wa mwezi, na kiuno kwa futi ya fundi cherehani niliyonunua shilingi 2,000. Roleksi imebaki ya yai moja. Nimefika kilo 91.

Kifaa sijakitupa. Aliye Busia na anataka kukiona kabla hajatuma pesa zake, aje ofisini tukipulize pamoja, mradi asipitie kwenye malwa kwanza.