Breki za gari la zamani Nairobi: wapi utoe pesa, wapi uokoe

Kenya hairuhusu kuingiza gari dogo la mtumba lililozidi miaka 8. Hivyo Probox, Vitz au Corolla nyingi hufika Mombasa zikiwa zimeshatumika miaka kadhaa, na zikishapita kwa mmiliki wa pili au wa tatu hapa Nairobi zina miaka 15 na zaidi. Breki zake zimekanyagwa kwenye foleni ya Jogoo Road, kwenye matuta ya mitaani, na kwenye mteremko wa kwenda Mai Mahiu. Mwenye gari la namna hii ana karo na kodi ya nyumba ya kulipa, na sitamwambia anunue kila kitu kipya. Ninachomwambia ni hiki: kinachosugua na kinachobeba presha kinunuliwe kipya, chuma kinachoweza kupimwa, hapo ndipo pa kuokoa.

Kwanza ujue kinachougua. Watu wengi hununua padi, vile vipande vinavyobana diski, kwa tatizo ambalo si la padi. Usukani ukitetemeka unapofunga breki kwa kasi, mara nyingi diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu, ndiyo yenye shida, na padi mpya hazitaitibu. Gari likivuta upande mmoja, kagua kalipa, kifaa kinachobana padi kwenye diski, na pini zake, huenda zimekwama kwa kutu na vumbi. Pedali ikizama polepole huku umeikanyaga, tafuta uvujaji au silinda kuu iliyochoka, ile inayosukuma mafuta ya breki, na gari hilo lisiendeshwe mpaka litengenezwe. Mlio mkali kama filimbi ndio wa padi zenyewe: mara nyingi ni kibati cha onyo kinachogusa diski. Mwambie fundi afungue magurudumu yote manne ukiwa umesimama pale. Lainingi, yaani tabaka linalosugua, ya padi mpya huwa na unene wa milimita 10 hivi. Ikibaki 3, muda wake umekwisha. Na hubadilishwa kulia na kushoto kwa pamoja, hata kama upande mmoja bado unaonekana mzuri.

Chaguo langu la kwanza, bila kusita, ni padi mpya kutoka kampuni zinazouzia viwanda vya magari breki: Akebono, Advics au Nisshinbo kwa magari ya Kijapani, ATE au Textar kwa ya Kijerumani. Unapata lainingi ya kuaminika bila kulipia boksi lenye nembo ya gari. Kwa gari kama Probox, seti ya mbele ya aina hii kwa kawaida haifikii bei ya kujaza tangi la petroli. Ukiwa na pesa za kitu kimoja tu mwezi huu, ziwe hizi, na ziende mbele, kwa sababu gari likifunga breki uzito mwingi hukimbilia mbele na magurudumu yale mawili hubeba sehemu kubwa ya kazi.

Lakini jina kwenye boksi halitoshi, kwa maana maboksi pia hughushiwa. Unapokwenda Kirinyaga Road, au Grogan kama wengi tunavyopaita, beba namba ya chasisi na padi moja ya zamani. Muuzaji makini ataingiza chasisi kwenye katalogi akutolee namba ya spea. Kwa Toyota, padi za mbele huanza na 04465, za nyuma 04466, na viatu vya breki vya nyuma, vinavyosukuma dramu kwa ndani, 04495. Ukiambiwa “hii inaingia tu, bosi,” bila namba yoyote, nenda duka linalofuata. Kisha geuza padi usome maandishi ya mgongoni au ubavuni. Nyingi huwa na herufi mbili pamoja, kama FF au GG. Ya kwanza inaonyesha jinsi padi inavyokamata kwa joto la kawaida, ya pili ikiwa moto sana. Kwa kipimo cha msuguano, E ni kati ya 0.25 na 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Herufi hizo hazikuambii padi itadumu muda gani, ila ukiona EE kwenye gari linalobeba mizigo au linaloteremka Mai Mahiu kila wiki, irudishe. Padi za Ulaya huwa na alama ya R90, maana yake utendaji wake umepimwa na hautofautiani na wa padi asilia za gari kwa zaidi ya asilimia 15. Mimi naiheshimu sana alama hiyo.

Spea jenuini kutoka kwa wakala rasmi naziweka nafasi ya pili, na ni kwa sababu ya bei tu. Kama huna muda wa kuzunguka maduka, au umeshauziwa feki na moyo umekufa, lipa huko upate risiti na usingizi.

Nafasi ya tatu ni kubandikiwa lainingi mpya kwenye viatu vyako vya zamani. Hii ni kwa magurudumu ya nyuma yenye dramu, na ni akiba ya kweli ikifanywa vizuri. Gundi inatakiwa kuivishwa kwa joto huku lainingi imebanwa, kwa hiyo kazi ya kupaka gundi na kuanika juani ikatae. Kagua lainingi zote ziwe na unene sawa, zisiwe na nyufa, na zikae vizuri ndani ya dramu. Na tafadhali, fundi asipulize vumbi la breki kwa kompresa. Lainingi nyingine za zamani zina asbesto, ambayo huharibu mapafu ya fundi, yako, na ya mtoto anayecheza karibu na gereji. Kitambaa chenye maji kinatosha.

Diski, dramu na mwili wa kalipa unaweza kununua zilizotumika kutoka Japani. Diski huwa imechapwa unene wa chini kabisa, kwa mfano MIN TH 20MM, na dramu huchapwa kipenyo cha juu kabisa. Pima kwa venia, kifaa cha kupimia unene na kipenyo, sehemu kadhaa, kabla hujatoa hata shilingi. Diski yako mwenyewe ikiwa na mawimbi, kuichonga kwenye leithi ni nafuu zaidi, mradi baada ya kuchongwa ibaki juu ya kipimo hicho. Ikishuka chini yake, ni chuma chakavu. Kalipa ya mtumba iwekewe sili mpya, zile raba za kuzuia mafuta yasivuje.

Mwisho kabisa ni padi zisizo na jina wala namba. Hizi hung’aa kama kioo zikipata joto, hula diski, na nyingine lainingi yake hubanduka kwenye bati. Unaokoa leo, baada ya miezi mitatu unanunua padi tena na diski juu yake. Padi za mtumba, mipira ya breki ya mtumba na mafuta ya breki yaliyokwisha funguliwa sitayaweka hata kwenye orodha.

Mafuta hayo yanasahaulika mno. Hufyonza unyevu hewani, na yakiwa na maji huchemka mapema, pedali inakwenda chini kwenye mteremko bila kitu. DOT 3 mpya huchemka kuanzia nyuzi 205, DOT 4 kuanzia 230. Yakishafyonza unyevu viwango hivyo hushuka hadi 140 na 155. Nunua chupa iliyofungwa, yabadilishwe kila miaka 2, na kamwe usimruhusu mtu aongeze mafuta ya injini, kwa sababu yanavimbisha sili zote.

Siku ya kufunga, hakikisha pini za kalipa zimesafishwa na kupakwa grisi ya breki inayostahimili joto. Kabla ya kuondoka gereji, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Kisha tafuta barabara tulivu Jumapili alfajiri, punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10, kwa kukanyaga kiasi, mara ishirini hivi, ukiacha breki zipoe katikati. Usisimame kabisa ukiwa umekanyaga breki za moto. Baada ya wiki, rudi fundi akaze nati za magurudumu na kukagua kiwango cha mafuta.