Shahidi anasema hakuona, sabtaito inasema kaona

Nilianza na nyota tatu, nikashusha hadi moja, sasa hata sijui niweke ngapi. Nisikilizeni kwanza.

Programu hii ya kujifunzia Kiingereza kwa filamu nimeilipia tangu mwezi uliopita, au ule wa nyuma yake. Chini ya picha inapita mistari miwili, wa juu Kiingereza, wa chini Kiswahili. Kiingereza cha daftari ninacho. Kinachonishinda ni cha mdomoni, wanavyomeza maneno kama wanawahi daladala.

Basi jioni moja nimekaa na Mama Neema, filamu ya polisi ya Kimarekani. Jamaa kabanwa kwenye chumba cha mahojiano, jasho linamtoka, anaulizwa aliona nini usiku ule. Anajibu: "I didn't see nothing." Chini, Kiswahili: "Si kwamba sikuona kitu."

Ehee! Kumbe kaona! Tukasogea kwenye skrini, tukangoja aseme. Saa nzima na ushee. Filamu ikaisha, jamaa hata hakurudi kuonekana. Mama Neema akanigeukia: "Baba Neema, sasa yule kaona nini?" Na mimi ndiye msomi wa Kiingereza humu ndani!

Nikawaandikia huduma kwa wateja. Jibu lao: "Ndugu mteja, tafsiri iko sahihi kisarufi. Hasi mbili huleta chanya." Hiyo si hesabu, jamani! Mdomoni, hasi ya pili inakazia ya kwanza. Chaucer, mshairi wao wa karne ya 14, alikuwa akirundika vikanushi vitatu vinne kwenye sentensi moja na Waingereza wenzake wanamwelewa. Walimu wa sarufi wamevifukuza darasani, mtaani havijatoka. Nikawaeleza hayo kwa upole, upole wangu wa saa 5 usiku. Asubuhi nafungua, nimeshushwa kutoka "Kati" hadi "Anayeanza". Bila hata salamu.

Yule mtafsiri wa kibanda umiza wa utotoni kwetu, aliyekuwa akipaza sauti juu ya filamu, asingekosea hapo. Yeye alikuwa anamtazama mtu usoni. Jamaa anatetemeka, macho chini: "Afande, mi sijaona kitu!"

Ila haki yao niwape. Mstari wa Kiingereza uliandika "nothing" kama alivyotamka, haukumnyoosha ikawa "anything". Kwingine hufupisha ili maneno yaenee, unasikia hiki unasoma kile. Hapa narudisha nyuma, nasikiliza tena, sikio linazoea. Juzi "ain't got no money" imepita nikaidaka kabla sijasoma.

Kwa hiyo Kiswahili chao nimekizima. Nyota tatu basi. Hapana, mbili, maana nimelipia mistari miwili natumia mmoja. Na hivi ninavyoandika bado nimewekwa "Anayeanza"... moja inawatosha. Kifurushi kinaisha Jumapili. Mama Neema anasema nitalipia tu.