Biti ya tundu la mraba: tundu sijaliona, majibu nimeyapata

Shida yangu ilikuwa ndogo tu. Nina bolti ile yenye shingo ya mraba chini ya kichwa, nami nataka ikae kwenye bamba la chuma la milimita 6 bila kuzunguka ninapokaza nati. Nikaona mtu anauza seti ya biti za tundu la mraba, pichani inatoboa chuma kama inatoboa sabuni.

Kilichonifikia ni biti ya kawaida iliyovishwa patasi ya mraba yenye uwazi ndani. Seremala anaijua: biti inachimba duara, patasi inakandamizwa ifuate nyuma inyoe pembe nne. Mbao hunyoleka. Chuma je? Nikajaribu hivyo hivyo, kwenye mashine ya drili ya kusimama, mafuta nimetia, mwendo nimepunguza. Patasi haikupata pa kung'ata, ikaanza kuzunguka pamoja na biti, ikachora duara huku bamba likilia kama mbuzi anayekokotwa. Nilipoitoa, pembe moja ilikuwa imejikunja kama ukurasa wa daftari, na ncha ya biti imegeuka bluu.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu, na picha nikaweka. Jibu lake: "Kaka, hicho ni kifaa cha mafundi. Soma maelekezo." Maelekezo yapi? Ndani ya boksi hamna hata kikaratasi! Na huo "ufundi" ananiambia mimi, ambaye viganja vyangu vimeota sugu za tupa.

Kinachoniuma zaidi, tundu la mraba kwenye chuma si hadithi. Mhandisi Harry Watts alipata hataza (haki ya ubunifu) ya biti ya kazi hiyo tangu mwaka 1917: ya pembetatu yenye mbavu zilizotuna. Lakini ile inaongozwa na kiolezo chenye tundu la mraba, kishikio chake kinaiachia iyumbe, na bado pembe zinabaki na kauviringo kidogo. Wakerezaji nao wana kifaa kinacholazwa kama digrii 1, kinayumbayumba kikikata pembe kwa zamu ndani ya tundu lililokwisha tobolewa. Hiki nilichouziwa hakina undugu na vyote viwili.

Mwishowe nilitoboa duara, nikabana bamba kwenye jiliwa, nikashika tupa ya mraba. Piga pembe, jaribu bolti, piga tena. Kabla jasho halijakauka shingo ilikuwa imezama, haitikisiki.

Nyota moja, basi. Ingawa juzi niliichukua biti nyingine ya seti ile nikaijaribu kwenye kipande cha mbao, na wallahi ilitoka safi, pembe kali. Haya, nyota tatu kwa seremala. Hapana, mbili; nimelikumbuka lile "kaka". Ile iliyojikunja pembe nafungulia makopo ya rangi.